Matabibu Wawili, Meza Moja

Kambini, 3 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, ila viganja vimekuwa magome ya mti. Kisima cha kwanza kimetoa maji, cha pili kimetoa vumbi, na cha tatu bado tunakichoronga huku tukiomba. Mkuu wa mashine hajaniruhusu kuigusa. Kazi yangu ni kuosha mabomba na kuyapaka grisi, na jina langu hapa ni "wewe wa mabomba." Mimi huyu niliyekata mapazia ya ukumbi mzima wa mahakama bila kukosea upana wa kidole. Lakini kazi mpya niliitaka mwenyewe, kwa hiyo nanyamaza. Goti la Mama je? Mwambie asipande ngazi na ndoo, Binamu ana mikono.

Simu hapa haishiki, na barua zinategemea gari la mahitaji, nalo huja likipenda. Karatasi nyeupe ni ya mezani, ya mchezo wetu wa dadu na wahusika wa kubuni. Isome kwa sauti Jumamosi mchana kabla hamjatupa dadu, kama tulivyokubaliana. Nimeeleza humo mhusika wangu, Tabibu, afanye nini mkiingia mapangoni: akae nyuma, amtibu Mama kwanza, na Binamu asitibiwe jeraha alilojitafutia. Hii yenye mistari ya kijani ni yako peke yako.

Nilichosema siku naondoka bado nakisimamia: asiyekuwepo na lake halipo. Tabibu asipewe alama za uzoefu kwa pambano ambalo sikukaa mezani. Abaki daraja la sita hadi nirudi. Vya bure sitaki.

Shangazi ameniandikia mistari minne, mitatu ya dua na mmoja unaosema kuna mtu anakaa kwenye kiti changu Jumamosi. Sina neno. Nauliza tu, ni nani? Na dukani, meza yangu ya kukatia vitambaa, anaisimamia nani?

Mdogo wako.


Nyumbani, 24 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imefika inanuka dizeli, Mama akainusa na kusema angalau unafanya kazi. Goti lake limetulia, ila linauma tena kila akiona vyombo vichafu. Binamu amefuga ndevu, hazijamkubali. Shangazi alikaa kwetu siku tano akaondoka na ulimi wake, kumbe nusu alikwisha kukutumia wewe.

Sasa nikujibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Karatasi yako nyeupe imefika wakati kundi limeshatoka kwenye pango la kwanza likichechemea. Mimi ni msimamizi, nasimulia njia na kuwatupia majitu, lakini siwezi kumwambia Mama asubiri gari la mahitaji ndipo atibiwe. Mpiga upanga wetu ni yeye, na unamjua, hukimbilia mbele kabla sijamaliza kueleza mlango. Uhai wake ulibaki tone. Binamu naye ni mwizi tu, tangu lini mwizi akafunga mtu bandeji?

Kwa hiyo nimemkaribisha mtu. Ni fundi lifti. Lifti ya jengo letu ilikwama nikiwa ndani na mapazia mikononi, akanitoa, akayabeba hadi dukani, akaona dadu zetu kwenye bakuli la vifungo. Akasema zamani alicheza. Alikuja na mhusika wake wa zamani, mpiga upanga wa daraja la saba. Nikamwambia nafasi hiyo ina mwenyewe, na Mama hagawani upanga na mtu. Akafikiri, akasema basi atauweka chini, ajifunze utabibu.

Sheria ya fani mbili unaijua. Anayeacha fani yake anaanza nyingine kutoka daraja la kwanza kabisa. Uhai wake wa zamani anabaki nao, lakini akitumia fani ya kwanza kabla ya ile ya pili kuipita, hapati alama hata moja ya siku hiyo. Binamu amembatiza Upanga Alani, maana anatembea nao kiunoni na haruhusiwi kuuchomoa.

Ni mtu mtulivu. Kiti kilikuwa kitupu.

Dada yako.


Kambini, 15 Machi

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kusikia goti la Mama limetulia. Hapa mvua zimeanza, karatasi za kijani zimeloa zote, kwa hiyo yote nayaandika kwenye nyeupe. Utajua mwenyewe pa kukomea kusoma.

Kwanza la mezani. Huyo mgeni wenu mtapimaje uzito wake? Mnasema ni daraja la kwanza. Daraja la kwanza gani lenye kifua cha daraja la saba? Tabibu wangu alipokuwa daraja la kwanza, panya alimlaza. Huyu atakanyagwa na jitu na kuinuka akipangusa suruali. Sisi wengine kila mmoja ana kimoja chake: Mama ana upanga, Binamu ana vidole, mimi nina dawa. Mtu mmoja akija na viwili, kuna mwingine hapo amekuwa mapambo. Huo usawa uko wapi?

Kwa hiyo naomba sheria mbili. Ya kwanza, hiyo adhabu ya kukosa alama za siku moja ni kumpapasa. Akiuchomoa upanga tu, apoteze utabibu wote aliojifunza na arudi daraja la kwanza. Njia mbili zilimshinda fisi, zimshinde na yeye. Ya pili, kundi dogo kama letu halihitaji matabibu wawili. Safari hii ya mapango ikiisha, wapimwe, na mwenye daraja la chini aondoke mezani. Wangu ni daraja la sita. Nadhani hesabu iko wazi.

Sasa la kwako. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi sijapona. "Ni mtu mtulivu." Dada, wewe watu watulivu hukuwapenda hata siku moja, ulisema wanakufanya usinzie. Kwa nini hukuniandikia mpaka Shangazi aseme? Kiti kilikuwa kitupu, ndiyo, lakini nilikiacha na koti langu mgongoni. Na hukunijibu. Dukani nani anakata vitambaa?

Mdogo wako.


Nyumbani, 11 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Tuko salama. Mvua imeingia dukani kwa nyuma, tumeokoa majora yote isipokuwa moja la hudhurungi ambalo hata hivyo halikuwa na mnunuzi. Binamu amenyoa.

Ulisema nitajua pa kukomea kusoma. Ningejua kama barua ingekaa mkononi mwangu. Nilipofika kwenye fisi nikasita, Mama akaona nimesita, akaninyang'anya karatasi akavaa miwani. Unajua Mama anavyosoma, kama anatangaza msiba. Alisoma yote. Alisoma "mapambo," alisoma "sijapona," alisoma koti. Binamu alijificha nyuma ya kikombe. Mwenyewe Fundi alikuwa amekaa palepale, kwenye hicho kiti.

Mama alipokunja karatasi nilitamani sakafu inimeze. Fundi akasema, "Sheria ni ya haki. Iandikwe." Mama akauliza, "Zote mbili?" Akasema zote mbili. Basi zimeandikwa, na sote tumeweka sahihi.

Lakini mdogo wangu, ulipiga hesabu ukiwa na hasira. Daraja za chini ni rahisi kupanda. Alama ambazo kwa Mama hazisogezi hata nusu hatua, mwenzako zinamvusha daraja zima. Anatembea na kundi la daraja za juu, majitu ni makubwa, alama ni nyingi. Leo yuko daraja la nne. Na Tabibu wako haongezeki hata punje, kwa sababu vya bure hutaki. Mapango yakiisha, atakayekuwa chini ni wewe, na sheria yako mwenyewe itakutoa kwenye meza uliyokulia.

Niandikie kwamba umeifuta. Mstari mmoja unatosha, hakuna atakayecheka. Fanya haraka.

Dada yako.


Kambini, 2 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani kwa sababu daraja la mtoni lilikwenda na maji. Mimi mzima. Jana walinipa mashine niiendeshe mara ya kwanza, nikavunja keekee ya kuchorongea mwamba, nimerudishwa kwenye mabomba. Usimwambie Mama.

Siifuti. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikiifuta leo, yeye atabaki kuwa mtu aliyesema "ni ya haki" na mimi mtoto aliyelilia kichezeo chake akabembelezwa. Hiyo furaha simpi.

Shangazi kaandika tena. Anasema Jumapili huyo Fundi wenu anakula kwetu. Anasema Mama anamwita "mwanangu." Mama, ambaye mimi huniita "wewe" mpaka niwe na homa. Anasema kabati la jikoni lililonishinda miaka miwili amelitengeneza na sasa linafungika. Nina wivu, Dada. Basi, nimesema, wala sitafuti jina lingine zuri zaidi. Naosha mabomba huku namfikiria mtu nisiyemjua sura, na kila nikimfikiria anafanya kitu changu, tena anakifanya vizuri. Nikiambiwa kesho amejifunza kupiga mluzi kama mimi, nitaamini.

Nimekuuliza mara mbili habari za meza ya kukatia. Hujibu. Ukimya wako nao nausoma.

Karatasi nyeupe imo ndani, safari hii nimezitenganisha. Amri ya Tabibu ni moja tu. Kwenye pambano la mwisho asikae nyuma. Asimame mlangoni, mbele ya wote, mbele hata ya Mama, na rungu lake. Najua ni tabibu na deraya yake ni nyepesi. Nataka waone kwamba hata wangu anaweza viwili. Binamu amtupie dadu, na msimwonee huruma.

Mdogo wako.


Nyumbani, 30 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Mama hajambo, mimi sijambo. Habari za nyumbani leo ni hizo tu.

Karatasi yako safari hii iliwahi, na ningeomba ingechelewa. Niliisoma kwa sauti kama kawaida. Mama akasema, "Huyu mtoto anataka kufa." Binamu akaniomba nijifanye haijafika. Nilikataa. Umeandika wewe, na mhusika ni wako, hata ujinga wake ni wako.

Tabibu akasimama mlangoni. Jitu la mwisho lilikuwa la mawe, nililitengeneza kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yako. Binamu alitupa dadu mara tatu kwa niaba yako. Ya tatu Tabibu akaanguka. Mama alikuwa amebanwa upande wa pili na hangeweza kufika. Fundi alikuwa na dawa moja tu, alishampa Binamu. Jitu likainua mguu juu ya mtu wako.

Nikuambie alipokuwa amefika. Alikuwa daraja la sita, na alama za pambano hilo zingemfikisha la saba. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Angekaa tu, angenyamaza tu, ungekufa kwa amri yako mwenyewe, na sheria yako ingemwachia kiti mbele ya mashahidi. Nilimtazama, maana hilo nilikuwa naliona mimi, na nilijua na yeye analiona.

Akasema, "Nachomoa upanga."

Binamu akamwambia, "Subiri, piga hesabu kwanza." Akasema amekwisha kupiga. Akatupa dadu. Jitu likaanguka, Tabibu wako yu hai, na mapango yameisha. Nikachukua karatasi ya mhusika wake nikafuta utabibu wote hadi daraja la kwanza, nikiwa sioni vizuri ninachofuta.

Halafu ikaja sheria yako ya pili. Wakapimwa. Wewe la sita, yeye la kwanza. Binamu alitaka kubishana, Fundi akakataa, akasema alitia sahihi. Akamshukuru Mama kwa chai, akapanga dadu zake mfukoni, akaaga. Jumamosi mbili zimepita. Hajaja. Jumapili pia haji, anasema si vizuri kuzoea nyumba ambayo mmoja wa wenyewe hamtaki. Umeshinda. Kiti ni kitupu kama ulivyokiacha, na koti lako liko mgongoni.

Uliniuliza nani anakata vitambaa. Ni yeye, jioni, akitoka kazini. Anakata vibaya sana. Ameharibu jora zima la kijani na akataka kulificha chini ya meza, nikaona ncha yake. Sikukuambia kwa sababu uliondoka bila kuniuliza nitamweka nani. Ulisema tu umechoka na mapazia, ukapanda gari. Kabla yake nilikata peke yangu miezi minne, mchana nakata na jioni nashona, na kwenye barua zangu sikulalamika hata mstari. Halafu unaniuliza kwa ukali nani ameshika mkasi wako. Mkasi uliutupa wewe.

Na mwezi wa pili alimwuliza Mama kama anaweza kutuma wazee wake waje kuniposa. Mama akasema ndiyo. Mimi nikasema nisubiriwe kwanza nimwandikie mdogo wangu. Tangu hapo nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili nimeandika habari za ndevu za Binamu.

Sheria ni yako. Sisi sote tuliisaini, lakini aliyeileta ni wewe, na mwenye kuiondoa ni wewe. Sitakubembeleza.

Dada yako.


Kambini, 20 Juni

Kwako Fundi,

Salamu. Dada nitamwandikia kesho, leo bado namwonea haya. Barua hii usiisome kwa sauti, na Mama asiione, atavaa miwani.

Niseme ukweli. Umeniudhi. Ungemwacha Tabibu apondwe ningekuchukia vizuri, kwa raha zangu, mpaka mwezi wa tisa nitakaporudi. Nilikuwa nimeshajipanga. Sasa umenilazimisha kukushukuru, na shukrani ya mtu mwenye wivu ni kama kumeza kidonge bila maji, inashuka lakini inakwaruza.

Wivu haujaisha, usije ukadhani. Nilisoma habari za jora la kijani nikacheka peke yangu hadi mkuu wa mashine akaniuliza kama nina malaria. Siku nzima nilikuwa na furaha kwamba kuna kitu kimekushinda. Jioni furaha ikaniishia, kwa sababu niliwaza Dada amesimama pale anakata peke yake, na mimi huku navunja keekee za watu.

Kwa hiyo sikiliza. Kitambaa kizito usikikate siku kinapotoka kwenye jora. Kikunjue, kilaze juu ya meza hadi asubuhi, kijirudi. Ukikata kikiwa bado kimevutika, pazia litapanda likishatundikwa, na ndivyo ulivyoharibu lile la kijani, naapa bila kuliona. Mkasi usiuinue kati ya hatua na hatua, usukume ukiwa umegusa meza. Chora chaki kwa upande wa ndani. Mistari ya maua ianze kupimwa katikati, si pembeni. Na usimpe Dada kipande akiwa na pini mdomoni, atakujibu na atazimeza. Haya sijamfundisha mtu. Binamu aliniomba miaka mitatu nikamwambia hana mkono.

La mezani. Sheria ya pili naifuta, na barua hii ndiyo sahihi yangu. Matabibu wawili wakae. Ya kwanza inabaki. Uliuchomoa upanga, umerudi daraja la kwanza, na utapanda upya kama watu wengine. Tabibu wangu arudi nyuma ya kundi, akufundishe kufunga bandeji. Alama zangu sizitaki hadi nirudi, na hilo nalo silibadilishi.

Wazee wako watume kabla ya mwezi wa tisa, wasinisubiri. Lakini siku ya harusi upande wa kulia wa Mama nitakaa mimi, na usijaribu kuwahi.

Koti langu mgongoni mwa kiti lina joto. Jumamosi kukiwa na baridi, livae.

Mimi shemeji yako. Nimeliandika mara moja, usilizoee.